Gati la Kemondo Limezama

Alhamisi. Mvua ilikatika saa nne, lakini ziwa bado linapanda.

Hii ni wiki ya pili ya likizo. Wenzangu wote wa bweni wamekwisha fika kwao. Mimi tu nimebaki kwa shangazi hapa Kemondo, nikingoja boti ya mizigo inipeleke nyumbani Bumbire. Mama amejifungua mtoto wa kiume. Baba ameandika kwamba padri atavuka kisiwani Jumapili kumbatiza.

Kila asubuhi napima maji kwa mti nilioutia alama, kama mwalimu alivyotufundisha. Leo hata alama ya juu kabisa haionekani. Bango la "Uhuru na Kazi" limesimama ndani ya maji.

Nakiri jambo moja. Maji yalipoanza kupanda nilifurahi, kwa sababu kabla ya likizo mwalimu alisoma daftari langu la vipimo mbele ya darasa.

Sasa ni mimi ninayezuiwa na maji hayo.

Mchana boti ilitokea kusini, imejaa magunia ya kahawa. Ilizunguka mara mbili. Nahodha akapaza sauti kwamba gati limezama, hawezi kufunga hapa. Anakwenda Bukoba, na Jumamosi asubuhi atarudi visiwani moja kwa moja. Nilipunga leso mpaka boti ikapotea.

Wavuvi wa Bumbire walikuwa wakishona nyavu ufukweni. Nikapiga magoti. "Waitu, wakubwa zangu, nichukueni."

"Msichana hapandi mtumbwi wa nyavu," alisema mkubwa wao. "Ukikanyaga tu, samaki wanahama."

"Nitakaa juu ya mikungu ya ndizi mliyopakia, nisikanyage."

Wakacheka. "Na hiyo sabuni ya shule unayonukia? Nenda zako, mwalimu!"

Nililia nyuma ya ghala, ambako hakuna mtu.

Shangazi ananiambia, "Mtoto hakimbii, mwana wange. Utamkuta tu." Ni kweli. Lakini nitamkuta ana jina ambalo wote walilisikia pamoja, mimi nikalisoma kwenye barua.

Kutoka hapa hadi Bukoba ni mwendo wa kutwa kwa miguu. Nikianza kesho alfajiri, Jumamosi nitakuwa ndani ya boti. Nimemwomba shangazi ruhusa. Hajasema ndiyo, ila sasa hivi anafunga ndizi za kuchoma kwenye jani la mgomba.

Nataka nimpakate hata usiku mmoja tu, kabla hajaitwa chochote.