Reli Mbili za Baba Mkwe

Mdogo wangu Zawadi,

Mwambie Mama nimefika Izigo kwa wakwe na bado sijafukuzwa. Jana baba mkwe alinionyesha reli mbili chakavu alizozilaza juu ya mtaro ili pikapu yake ya kahawa ipite.

"Wewe si mhandisi wa reli? Zitabeba?"

Nikapiga hesabu ya boriti kwa kalamu, kana kwamba reli ni nzima, nikaona zitabeba. Kisha nikaichora reli kwenye kompyuta, nikaigawa vipande vidogo vidogo ili mashine ipime kila kimoja. Pale kiunoni, sehemu nyembamba ya katikati ya reli, palipoliwa na kutu pakawaka rangi nyekundu: mkazo umezidi. Nikaomba nusu ya magunia yashushwe.

"Niamini kalamu yako au mashine yako?" akauliza.

"Mashine, Baba."

Ukoo mzima ukabeba magunia, mume wangu akiwa amenuna. Pikapu ikavuka.

"Umeona? Hazikuvunjika," akasema mzee.

"Kwa sababu tulipunguza mzigo," nikamjibu.

Akamwambia mkewe jambo kwa Kihaya, watu wakacheka. Mume wangu akanitafsiria: "Huyu atatubebesha mizigo mpaka tuzeeke. Mwongezee senene wa kukaanga."

Nimeshiba hadi kuinama siwezi. Nawapenda, mlale salama.

Dada yako,
Neema