Donge Chachu

4 Februari

Mwanangu mpenzi,

Nakusalimu wewe na mkwe wangu. Sisi huku wazima. Goti la mama yako limetulia, na mimi sina neno ila pua, ambayo mpaka leo imefunga duka. Tangu yale mafua ya mwaka jana sisikii harufu ya kitu. Na mwokaji asiyesikia harufu ya mkate unaoungua ni sawa na mlinzi aliyelala, kwa hiyo sikumlaumu tajiri aliponiambia nipumzike. Lakini miaka thelathini na mmoja nimekanda unga, mwanangu. Sasa nakaa sebuleni, mama yako anafagia akinizunguka kama kiti kilichowekwa njiani.

Juzi jirani yetu fundi kufuli alinipeleka kwenye bwawa la nyuma ya kiwanda cha matofali. Kuna samaki mnene, magamba makubwa, mdomo kama anataka kukunong'oneza. Wanamwita karpi. Fundi alivua watatu. Mimi sikupata hata wa kusingizia. Ananiambia siri ni chambo: donge la unga lililotiwa kitu cha kunukia.

"Unga?" nikamwambia. "Kaka, hapo umenirudisha nyumbani."

Wewe unafanya kazi chumba cha vionjo, huko kwenye kiwanda cha juisi. Hebu niombee hivyo vinukishi kidogo. Andika, usipige simu. Simu inakula maneno yangu.

Baba yako

21 Februari

Baba, shikamoo,

Mimi na mkweo hatujambo. Barua yako nimeisoma nikicheka peke yangu mpaka mwenzangu wa meza akanisogelea. Msimamizi amenipa chupa tatu za sampuli zilizobaki: vanila, stroberi na nanasi.

Sasa sikiliza, maana nakujua. Hizi ni kali, si za kumimina. Nusu kilo ya unga, matone manne, basi. Jaribu moja moja, usizichanganye. Na kila mara tupa mishipi miwili: mmoja una donge lenye dawa, mwingine donge tupu. Kesho yake ibadilishe pande. Bila hivyo hutajua kama samaki kafuata vanila au kajipitia zake. Andika kila kitu kwenye daftari.

Mwambie mama namsalimu sana.

Mwanao

12 Machi

Mwanangu,

Hatujambo, ila nimekuaibisha.

Nilidondosha matone manne, nikanusa, kimya. Nikasema dawa imelala. Nikatia kijiko. Nikatia kingine. Fundi alikuwa ng'ambo ya bwawa, akapiga kelele, "Mzee, unavua au unaposa?" Asubuhi tatu hakuna samaki aliyekaribia, na nadhani wengine walihama. Nyumbani jirani wakamuuliza mama yako kama kuna harusi.

Nikarudi kwenye sheria yako. Matone manne, sikuongeza hata la bahati mbaya. Stroberi: hakuna. Nanasi: mmoja, tena mdogo, nadhani alipotea njia. Vanila: wanne, na donge tupu halikupata kitu! Nimebadilisha pande kama ulivyosema. Niletee vanila nyingine, mwanangu. Jana usiku nilikuwa naota daftari.

Baba yako

29 Machi

Baba, shikamoo,

Natumaini mu wazima. Samahani, vanila sitaweza. Nimeomba kuhamishwa kutoka chumba cha vionjo, sasa niko kwenye kufunga maboksi. Harufu ya vanila inanigeuza tumbo. Hata sabuni ya kuogea siivumilii, na mkweo akikaanga kitunguu anakwenda kukila nje, maskini. Labda ni uchovu tu. Msiwe na wasiwasi.

Hongera kwa wale wanne.

Mwanao

8 Aprili

Mwanangu mpenzi,

Salamu, na pole kwa uchovu.

Barua yako nilimsomea mama yako akichambua maharage. Mkono ukasimama. "Hebu rudia hapo kwenye sabuni." Nikarudia. Akanyanyuka, akaenda kunawa, akakaa huko kitambo. Aliporudi akasema, "Usimuulize kitu. Mwandikie habari za samaki."

Basi, samaki. Vanila imekwisha, nikajiambia, mzee, wewe ni mwokaji, kwa nini unategemea chupa za watu? Nikachemsha mahindi, nikayaacha kwenye maji yake na hamira kidogo, siku tano. Chachu haihitaji pua. Naangalia povu, nasikiliza ndoo, nasugua yale maji kwa vidole viwili. Yakianza kuteleza, tayari. Nikakandia unga maji hayo.

Mama yako ametufukuza mimi na ndoo, tunakaa chini ya kamba ya nguo. Fundi anaongea nami kofia ikiwa puani. Lakini daftari hili hapa: asubuhi nne, donge tupu mmoja, donge chachu tisa.

Ukiwa na nafasi utaandika. Usipokuwa nayo, sisi tupo.

Baba yako

30 Juni

Baba, mama, shikamooni,

Nisameheni kwa miezi hii ya kimya. Nilikuwa naogopa mdomo wangu mwenyewe.

Mnakumbuka mara zile mbili. Nilitangaza mapema, mama akashona nguo za mtoto, halafu ikabidi niandike ile barua nyingine. Safari hii nilisema sitamwambia mtu mpaka mwezi wa tano wa ujauzito uishe. Umeisha. Daktari anasema mapigo ya mtoto ni mazuri. Jana mkweo alikuwa ameweka sikio, akapigwa teke, akaruka kama kapigwa na umeme.

Baba, ile barua ya ndoo nilikuwa naisoma kila nikisubiri kliniki, mpaka imechanika kwenye mikunjo. Siku ya kipimo nilimsomea mjamzito mwenzangu aliyekaa jirani yangu. Tulicheka, muuguzi akatutolea macho. Nilipoitwa, niliingia nikiwa bado nacheka.

Asanteni kwa kutouliza.

Mwanao

12 Julai

Mwanangu, roho yangu,

Mama yako alikaa chini sakafuni, akalia, kisha akaniuliza kwa nini nami nalia. Nikamwambia ni ile ndoo. Akasema, "Ndoo gani, na wewe pua huna?"

Hapa mambo ni mazuri. Duka la ndoana limeniomba donge chachu kila wiki, kwa hiyo naamka alfajiri kama zamani, nakanda. Mikono inauma pale pale ilipokuwa inauma. Raha tupu.

Jumamosi nilimpata mmoja, mshipi ulilia kama mlango mbovu. Robo saa nzima tunavutana, fundi kashika wavu na kila shauri la dunia. Tulimpima: kilo nane na nusu. Tumbo lilikuwa limejaa mayai, limekaza hivi. Nikamrudisha majini. Fundi hakuniongelesha siku mbili, lakini leo kaja kuomba donge.

Kula vizuri. Usinyanyue maboksi.

Baba yako

6 Novemba

Baba na mama, shikamooni,

Amekuja. Msichana, kilo tatu na gramu mia moja, juzi saa nne asubuhi. Sauti anayo. Mkunga alisema huyu ataitisha mikutano. Mimi niko salama, nimechoka, nimelala kwangu. Mkweo anazunguka nyumba akifunga madirisha yaliyokwisha fungwa.

Vidole vyake vifupi na vinene, baba. Vyako vile vile.

Njooni. Tumewatandikia chumba cha mbele.

Mwanao

11 Novemba

Mama wa mjukuu wangu,

Hongera, hongera, na hongera tena. Tumewapigia kelele majirani wote, hata wasiotupenda.

Basi letu ni la Ijumaa asubuhi. Kazi ya donge nimemwachia fundi kufuli, nimemwandikia vipimo ukutani kwa herufi kubwa, na nimemwapisha asiongeze kijiko.

Mama yako amefunga mizigo tangu jana. Mimi nimefunga yangu tangu Aprili.

Babu yake