Jipya la Ijumaa

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na Mama naye goti limeacha kumsumbua. Nilifurahi mno uliponiandikia kwamba sasa anazunguka nyumba nzima bila msaada, na kwamba ameanza tena kukukosoa unavyokunja mashuka. Akishaanza kukosoa, ujue amepona. Mimi ni mzima wa mwili. Kichwa ndicho kinachowaka moto, na utanisamehe maana leo nitakimwaga chote hapa.

Utashangaa kuona mwandiko wa mkono kutoka kwa mtu anayeshinda kwenye kompyuta. Nimekupigia simu mara tatu wiki hii nikiwa na jambo la kukuambia, na mara zote tatu nimeishia kuuliza habari za goti. Kwenye karatasi angalau siwezi kukata simu.

Nianze na swali lako. Umesema tangu uikose ile nafasi ya kazi hapa ofisini kwetu umeamini kwamba miaka mitano ya kumuuguza Mama imekuacha nyuma, na unataka nikuelekeze wapi pa kusoma ili uwafikie wenzako katika kazi yetu hii ya kutengeneza tovuti, upande ule ambao mtumiaji anauona na kuubofya. Jamani, Dada! Unaniuliza mimi? Si wewe uliyenikalisha kwenye kiti chako ukanifundisha kila ninachojua, ukanifinya sikio kwa sababu kitufe changu cha kwanza kilikuwa kizuri lakini hakifanyi kitu?

Haya, nikueleze. Nimejiandikisha vijarida kumi na saba vya barua pepe. Kila Jumanne vinamiminika, na kila kimoja kinaniambia nilichojifunza Jumanne iliyopita kimeshapitwa na wakati. Halafu kuna video. Mtu anajisifu dakika nane nzima, anakuomba umfuate, anakunywa maji, ndipo anakuonyesha mstari mmoja ambao ungeusoma kwa nusu dakika. Kozi nimeanza sita, sijamaliza hata moja. Ya nne ilifutwa nikiwa somo la tatu, kwa sababu chombo chenyewe tulichokuwa tunafundishwa kiliachwa na waliokitengeneza! Kuna na vile vipindi vya kusikiliza, watu wawili wanachekeana saa nzima, ukimaliza hujui walikuwa wanacheka nini. Kwenye kivinjari changu nina kurasa mia mbili na kumi nilizozifungua nizisome kesho. Hiyo kesho naisubiri tangu mwaka juzi. Nimechoka, Dada. Nimechoka na kila kilicho kipya.

Ukitaka ushauri wa kweli, achana na utitiri huo. Soma maelezo rasmi ya lugha zenyewe, yale yanayoandikwa na kusahihishwa na wanaohusika na vivinjari. Yanachosha, lakini hayakudanganyi. Chagua kijarida kimoja, na nikisema kimoja nina maana kimoja. Kabla ya kusoma makala yoyote tazama iliandikwa mwaka gani, maana nusu ya ugomvi wa ofisini kwetu chanzo chake ni makala zilizooza. Kisha tengeneza kitu kidogo kwa mikono yako, kiharibike, ukirekebishe. Mengi uliyoyajua bado yako pale pale. Fomu ni ile ile. Kitufe ni kile kile, ila hapa kwetu siku hizi tunakiandika kwa mistari arobaini na mtu asiyetumia kipanya bado hawezi kukibonyeza.

Sasa hiyo Mordano. Umesema ndilo swali lililokuangusha kwenye usaili, kwamba umeitafuta kila asubuhi kwa miezi miwili bila kupata hata ukurasa mmoja, na kwamba mtu alikuambia bado iko kwenye majaribio na wanaingia walioalikwa tu. Umeniomba nikuombee mwaliko. Sentensi hiyo nimeisoma nikiwa nimesimama, nikakaa.

Ni kweli Mordano imetutawala hapa. Iko kwenye tangazo la kazi uliloliona, kwenye mstari wa pili, imeandikwa kwa herufi nene. Iko kwenye mpango wa mwaka wa Mkuu wetu. Yule aliyepewa nafasi uliyoiomba, ambaye sote tunamwita Mtaalamu, alisema kwenye usaili kwamba ameitumia miaka mitatu. Anakaa meza ya pili kutoka kwangu. Wiki iliyopita niligusia namna inavyofanya kazi, akanirekebisha mbele ya watu, akasema hivyo ndivyo ilivyokuwa kwenye toleo la kwanza, na kwamba la pili limetulia zaidi. Watu wakatikisa vichwa. Mmoja akaandika!

Dada, Mordano haipo.

Haipo popote. Niliitunga mimi. Hapa kwetu kuna sheria ya Mkuu kwamba kila Ijumaa saa tatu asubuhi mmoja wetu asimame kwenye ubao awaonyeshe wenzake jipya la wiki. Mwezi wa pili zamu iliniangukia katika wiki ambayo nilikuwa napigana na kalenda moja iliyokataa kufunguka kwenye simu za zamani. Sikuwa na jipya. Ningesema tu sina. Lakini Ijumaa iliyotangulia, mkaguzi wetu, yule mama anayejaribu kurasa kabla hazijatoka, alisema kwa unyenyekevu kwamba hana jipya, na Mkuu akamsema nusu saa nzima kuhusu watu watakaoachwa na dunia. Mama wa watu akatoka na macho mekundu. Mimi nikaufyata. Nikainua macho, nikaona jina kwenye kibandiko cha kiyoyozi, nikalisoma kwa sauti kama mtu anayejua anachosema. Nikasema kuna kitu kipya kinaitwa Mordano, kinaharakisha kurasa, na hakipatikani ovyo kwa sababu bado ni cha walioalikwa.

Wallahi nilitarajia mtu acheke. Kibandiko chenyewe kilikuwa juu ya vichwa vyao! Badala yake jamaa mmoja akasema amekisikia. Mwingine akasema kina kasoro zake. Mkuu akasema hatimaye kuna mtu anayesoma. Mwezi uliofuata nikafanywa kiongozi wa timu, na mtu wa ajira akaichukua Mordano kutoka kwenye kumbukumbu za kikao akaibandika kwenye tangazo. Nikanyamaza, nikijiambia litapita.

Hilo si baya zaidi. Baya ni hili. Siku ya usaili wako nilikuwa jikoni pale ofisini nasubiri maji yachemke. Tulikuwa tumekubaliana nisiseme kwamba wewe ni dada yangu, wasije wakadhani nimekubeba. Mkuu akaingia akaniambia kuna mwanamke amemaliza sasa hivi, fomu anaijua, kila kitu anakijua, ameona makosa mawili kwenye tovuti yetu ambayo hatukuwahi kuyaona, ila masikini Mordano haijui. Akaniuliza mimi, kama kiongozi wa timu, nionavyo. Neno moja la kweli lingetosha kukuokoa. Nikasema ni bahati mbaya. Nikamimina chai yangu nikarudi mezani, nawe ulikuwa bado kwenye korido unafunga mkoba.

Miezi miwili umeamka kabla ya Mama ili utafute kitu ambacho mdogo wako alikitunga akiangalia kiyoyozi. Naona haya, Dada.

Jana asubuhi niliingia kwa Mkuu nikamwambia yote. Kwanza alicheka. Halafu akafunga mlango akanifokea mpaka watu wakawa wanapita polepole nje ya kioo. Uongozi wa timu ameniondolea, na ni haki yake. Alipotulia akatoa faili la usaili, akapekua karatasi zote tisa, moja baada ya nyingine, kwenye swali lile. Wanane walisema wanaijua. Watatu kati yao walitoa mifano. Kwenye yako mwandiko wake mwenyewe umesema kwamba mwombaji haifahamu, na ameeleza kuwa hawezi kudai anajua asichokijua. Aliisoma kwa sauti, kisha akauliza nani ana namba ya huyu mwanamke. Nikamwambia ninayo, kwa kuwa ni dada yangu. Akanisukumia kalamu, akaniambia niandike namba na nitoke mbele ya macho yake.

Atakupigia mwenyewe Alhamisi ijayo saa nne asubuhi. Hakuniahidi lolote, nami sikuthubutu kuomba. Usipopokea, nitakuelewa. Ukipokea na ukasema hutaki kukaa ofisi moja na mimi, nitahama mimi, na hilo nimeshamwambia. Sikuombi unisamehe kwa sasa. Nakuomba tu usifungue tena ile kompyuta asubuhi kwenda kutafuta. Lala mpaka kuche. Hakuna ulichokosa. Na Mkuu akikuuliza kitu usichokijua, mwambie hukijui.

Mfikishie Mama shikamoo yangu, na umwambie nitakuja mwisho wa mwezi kama mlango bado utafunguliwa. Barua hii umsomee au usimsomee, uamuzi ni wako.

Mdogo wako, mwenye haya na mapenzi