Hawakunilaza Usingizi, Maitu

Maitu,

Wamenipasua. Nimetaka ulisikie kwangu kabla Tata Wambui hajafika hapo kaburini kukueleza kwa njia yake. Unamjua mdogo wako, mtu akichomwa na mwiba yeye husimulia utadhani amekatwa mguu. Niko hai, Mama. Nakuandikia nikiwa jikoni, chini ya mabati yako. Zamu yako ya kununuliwa mabati kwenye chama cha kina mama ilifika baada ya matanga yako, wakaona wayapige kwangu. Mvua ikinyesha sasa hatusikilizani, na kila mara nakumbuka ulivyoingoja hiyo zamu.

Ulikuwa uvimbe. Titi la kushoto, karibu na kwapa. Pale pale ulipokuwa wako.

Niliupata nikioga baada ya kutoka kuchuma kahawa. Nikaugusa, nikauacha, nikaugusa tena. Mdogo tu, kama punje ya kahawa. Sikulia. Nilivaa nikaenda kulisha ng'ombe, kisha nikamkaripia Baba Kamau kwa sababu aliuliza sukari iko wapi. Alinitazama akajua kuna kitu, maana mume wangu ni mpole lakini si mjinga.

Wewe uliuficha wako chini ya sweta mbili mpaka harufu ikatuambia. Tulipokusihi uende hospitali ulitujibu kwa jina moja tu, Nyambura, dada yenu mkubwa aliyepewa dawa ya usingizi ili apasuliwe na hakuamka tena. "Mtu akilala huko, nani atamrudisha?" Baba alikusihi, mchungaji akakusihi, mimi nikakupigia magoti. Ulipokubali hatimaye, daktari alikufunua, akakufunika, akatuita nje. Sijasahau jinsi alivyokufunika taratibu.

Kwa hiyo nilikwenda mapema. Usidhani ni ushujaa. Nina watoto wanne na wa mwisho hajaanza shule. Mimi nimemzika mama nikiwa mtu mzima mwenye nyumba yangu, na mpaka leo siwezi kupita kwenye migomba yako bila kugeuza uso. Mtoto mdogo je?

Nesi wa zahanati alinieleza vizuri. Nitaenda Nyeri, nitachomwa sindano ya ganzi, watautoa nikiwa macho, na nitarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Akaniambia, "Asubuhi kula vizuri ndio uende." Nilimsikia kwa masikio, Mama, lakini huku kwetu Gakindu operesheni ni ile moja tu. Kina mama wa kanisa walipopata habari walijaa hapa nyumbani, wakaomba, wakaimba nyimbo ambazo kwa kweli ni za matanga, kisha wakaamua tufunge wote, kwa sababu kila mtu anajua mtu wa kupasuliwa hatii kitu mdomoni. Tata Wambui alinipokonya hata kikombe cha uji. Baba Kamau naye akafunga, yeye ambaye hukasirika chakula kikichelewa kidogo. Nami nikafunga nao. Kumbe hata mimi sikuwa nimemwamini yule nesi.

Nikafika Nyeri nikitetemeka. Kulikuwa na baridi ya kutoka mlimani, lakini iliyonitetemesha ni njaa. Wakanivalisha lile gauni lililo wazi mgongoni, na nilipotaka kupanda kitandani nikajikuta nimeketi sakafuni. Nesi akanidaka bega.

"Mama, umekula nini leo?"

"Sijakula tangu juzi. Tumekuwa na maombi."

"Ati nini? Na nani alikuambia usikule? Hii si ile ya kulala!"

Akaniletea chai na mkate, akasimama mbele yangu mpaka nikamaliza. Ungekuwepo ungecheka ukishikilia ukuta, na mimi ningekasirika kwanza, halafu ningecheka kukushinda.

Sindano iliuma kama siafu. Kisha ikaja baridi, kisha pakawa kama si pangu. Walitandaza kitambaa nisione, lakini nilisikia kila kitu, mikasi ikiwekwa kwenye sinia, nesi akimuuliza mwenzake kama mahindi ya kwao yamenyauka. Daktari, kijana mwenye sauti ya chini, aliniuliza kama kahawa yetu imeiva. Nikamjibu imeiva, na wachumaji hawatoshi. Nikiwa nazungumza hivyo, yeye alikuwa ameshanikata.

"Unasikia uchungu?"

"Nasikia unavuta tu."

Hapo ndipo nilipolia. Nililia mpaka kifua kikaruka, daktari akaondoa mkono akauliza aniongezee dawa. Nikasema hapana, siumwi. "Basi unalia nini, mama?" nesi akauliza, akinifuta kwa ncha ya shuka. Ningemwambia nini? Nilikuwa nalia kwa sababu hapaumi. Hawakunilaza usingizi, Maitu. Nilikuwa macho, najua jina langu, naona dirisha na wingu likipita, na kile kitu kinatoka mwilini mwangu. Wewe hukuogopa kisu. Mtu aliyenizaa peke yake kati ya miti ya kahawa hawezi kuogopa kisu. Uliogopa kulala, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua kukuambia kwamba iko nyingine, isiyo ya kulala.

Alipokuwa akishona nilimuuliza. Mtu mzee kidogo, akija uvimbe ungali mdogo, je, angefanyiwa hivi? Akamaliza uzi kwanza. "Tungeutoa hivi hivi, tuupime. Kama ni ugonjwa mbaya kungebaki kazi kubwa zaidi, siwezi kukudanganya. Lakini huenda angepona." Angesema hapana ningelala kwa amani. Hiyo "huenda" nimerudi nayo nyumbani, nakula nayo, naamka nayo.

Walikipeleka kile kipande Nairobi kikapimwe, nasi tukangoja. Nilikatazwa kubeba kuni na maji, hata kwa kamba ya kichwani. Kina mama wakachuma kahawa yangu bila kuitwa. Binti yangu Wangari, huyu mwenye jina lako, ndiye aliyenisafisha kidonda kwa maji ya chumvi. Siku ya kwanza aligeuza macho kwa aibu. Nikamwambia, "Tazama. Ni mwili tu." Kila aliyekuja alibeba uji, kama desturi, na aliyepaswa kuwatangulia wote kwa kibuyu chake hakuja. Niliunywa wote, Mama. Hakuna hata mmoja uliochachuka kama wako. Nilikuwa nikisikia mlango nainua kichwa. Mpaka leo nainua.

Majibu yalirudi. Si kansa. Baba Kamau alitoka akaenda nyuma ya ghala kupenga kamasi, na Tata Wambui akapiga vigelegele mpaka kuku wakatawanyika. Mimi nilikuja hapo kwako. Nikuambieje kwamba mimi nimepona? Niliona aibu kuwa mzima mbele yako. Nikang'oa magugu kidogo kwa mkono mmoja, nikarudi.

Lakini kuna jambo. Jana Nyina wa Njoki, rafiki yako mliyekuwa mkichuma naye mstari mmoja, alikuja akakaa hapa jikoni. Alizungumza habari za mbuzi, za mvua, za mbuzi tena. Kisha akaniuliza bila kunitazama, "Na wewe, walikulaza?"

Nilifungua blauzi nikamwonyesha kovu. Nikamweleza yote, sindano, chai na mkate, wingu dirishani. Akaushika mkono wangu akaupeleka kifuani kwake. Ni mdogo bado, Mama. Unateleza chini ya kidole.

Alhamisi nampeleka Nyeri. Nakuahidi atakula asubuhi, hata kama Tata Wambui na kanisa zima watasimama mlangoni. Na Jumapili nitasimama mbele ya kina mama nilitaje titi kwa jina lake, wanaotaka kufunika nyuso wafunike. Kila atakayeogopa kulala nitamwambia yale ambayo hakuna aliyekuambia wewe.

Kwaheri, Maitu wangu. Nyina wa Njoki ameomba niingie naye mpaka ndani, nimshike mkono, na daktari akikubali nitaingia. Mkono wake utakuwa na joto. Wako niliufikia umeshapoa.

Ni mimi, Wanjiku wako.