Supu ya Radhia Jikoni Ibra

Lafayette, Luiziana, Marekani
8 Februari 1998

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi na Radhia wazima, ila baridi tu. Goti lako vipi? Na Baba, sukari imeshuka?

Mwaka wa pili huu tangu nimuoe Radhia, binti wa huku huku Luiziana, na kila nikipiga simu Baba anakupa wewe mkono wa simu, kisa mke wangu si wa kwetu. Tunataka kuja Iddi Kubwa. Mwambie, Mama. Ila sitamleta mke wangu aje kununiwa.

Radhia anakuletea pishi la kwao, gambo. Kaanga unga wa ngano kwa mafuta, moto mdogo, koroga bila kuacha mpaka uwe rangi ya kahawa. Tia kitunguu, thomu na pilipili hoho, kisha maji, nyama na bamia nyingi. Kwao hutia nguruwe. Sisi tunatia nyama ya ng'ombe iliyokaushwa kwa moshi. Huliwa na wali.

Mwanao, Zuhair

Ibra, Omani, 3 Machi 1998

Mwanangu Zuhair,

Marahaba. Goti linapanda ngazi siku linapotaka lenyewe. Sukari ya baba yako imeshuka, ukaidi ndio haujashuka.

Wallahi nilidhani mkeo ananichezea! Unga ulipobadilika rangi nikasema umeungua, nikamwaga. Mara ya pili nikamwaga tena. Jirani yangu Ghanima kanusa moshi, kaja mbio: "Khair, Mahbouba, khair? Kuna usalama?" Nikamwambia napika dawa. Muulize mkeo, weusi huo mpaka wapi?

Habari ya kuja nimemwambia baba yako. Aliinuka akenda msikitini, na adhana bado saa nzima. Msije kwanza, baba.

Mama yako

Lafayette, 17 Machi 1998

Mama,

Shikamoo. Radhia kacheka mpaka machozi. Anasema ulipomwaga ndipo ulipokuwa umekaribia. Ngoja mpaka uogope, kisha ngoja kidogo tena.

Basi hatuji. Radhia alishamnunulia Baba kofia, kaiweka kabatini. Inaniuma sana, Mama.

Zuhair

Ibra, 14 Aprili 1998

Mwanangu,

Salamu nyingi, na Iddi njema iliyopita. Nyumba ilikuwa kimya bila nyinyi.

Siku ya tatu ya Iddi niliipika ile gambo, kwa nyama ya mbuzi wa soko la Sinaw. Niliogopa, nikangoja. Nikampakulia baba yako bila kusema ya nani. Tonge la kwanza akarudi kuitazama sahani. Bamia zilikuwa zinateleza na kuvutika. Akasema, "Mahbouba, huu mlenda. Huu mlenda wa mama."

Mama yake Mnyamwezi wa Tabora, Allah amrehemu. Tangu tuhamie huku sijamsikia akimtaja mbele ya mtu, hata mbele yangu.

Alipomaliza sahani ya pili nikamwambia, "Umepikiwa na mke wa Zuhair, mkono tu ndio wangu." Nilidhani ataondoka. Alilia, Zuhair, nami nikalia naye. Kisha akaomba karatasi. Alichoandika hakunionyesha. Kimo humu humu, kimefungwa.

Mama yako

Binti yangu Radhia,

Zuhair, msomee.

Assalamu alaikum. Hujambo, na wazee wako hawajambo?

Baba yangu alipomuoa mama, jamaa zake wa Ibra walisema mwanamke wa bara hawamjui. Mama alikaa Tabora miaka kumi na tisa akingoja barua ya kumwita. Alijifunza hata Kiarabu kwa ajili yao. Alikufa akingoja. Siku ya mazishi niliapa sitakuwa kama wao, na nimekuwa kama wao.

Wewe usingoje. Njoo kwenu.

Baba yako, Musabbah