Ile La Niliyoandika R

Wambui wangu,

Huku Wamagana tuko salama. Goti la guka, babu yako, limepoa, na ng'ombe amezaa ndama jike. Ati wenzako wa kwaya ya chuo wanasoma muziki ulioandikwa kwenye mistari mitano, nawe unajua herufi za do-re-mi pekee, sasa unaniuliza kama uache kuimba?

Nikiwa msichana, mwalimu wa kwaya ya kanisa alinituma ubaoni niandike herufi alizozitaja. Akasema "la." Unaujua ulimi wetu, hautofautishi l na r: nilisikia "ra," nikaandika r, herufi ya re. Basi pale wimbo ulipopaswa kupanda, kwaya nzima ikatumbukia chini. Nilitamani ardhi inimeze. Mwalimu akacheka, akasema, "Mmekosea nyote pamoja. Kumbe nyote mnasoma!"

Na kati yetu kulikuwa na mama mchuma chai ambaye hakuwahi kuketi darasani. Zile herufi saba ndizo alizozijua maishani.

Hiyo mistari jifunze, haitakushinda. Ila usiuonee haya mlango ulioingilia.

Ni mimi cucu, nyanya yako, ambaye hadi leo anaimba "ra," lakini siku hizi inapanda.