Kusudi Moja, Maneno Matatu

Mshauri mpendwa,

Naomba msaada wako, lakini nakuonya mapema kwamba sikuja kulia, nimekuja na hasira zangu, na kama ukurasa huu ni wa kupanguswa machozi basi nafasi yangu mpe mwingine. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mfasiri katika kiwanda cha kushona sare, chumba changu kiko juu ya ukumbi wa cherehani, kina meza moja, kamusi nne na dirisha linalotetemeka kutwa nzima kwa mngurumo wa mashine, na kazi yangu ni kuwageuzia wakubwa wa makao makuu, ambao hawajui Kiswahili hata cha kuombea maji, kila kinachosemwa huku chini, na nimeifanya miaka kumi na moja bila mtu kuninyooshea kidole.

Sasa kuna mshonaji mmoja tunamwita Mama Pindo, kwa sababu pindo lake halina mfano, mtu mzima anayekaribia kustaafu, ana mikono myepesi na mdomo mkali. Wiki tatu zilizopita mkanda wa mashine ulidaka mkono wa gauni la jirani yake ukaanza kumvuta, mwenzake anapiga kelele, na Mama Pindo hakumngoja fundi umeme, ambaye kwa sheria ya kiwanda ndiye peke yake anayeruhusiwa kugusa swichi kuu, akakimbia akaizima yeye, mashine mia na ishirini zikanyamaza kwa pamoja, yule dada akatoka na mchubuko tu, lakini kuwasha upya kulichukua saa nzima na lori la mzigo likaondoka nusu tupu. Akaitwa kutoa maelezo, mimi ndiye niliyeyaandika, na alisema hivi, nanukuu: “Andika, mwanangu. Nilizima swichi kwa kusudi. Sikuteleza, ni kusudi. Na kusudi langu mashine zisimame, mwenzangu asikatwe mkono. Na kesho yakitokea tena, nitazima tena.” Akaweka sahihi yake akarudi zake kwenye cherehani.

Hapa ndipo penye aibu yangu. Mwalimu wangu wa Kiingereza alitufundisha kwamba anayerudia neno moja mara tatu katika aya moja ni maskini wa maneno, na mimi sikutaka wakubwa wanione maskini, kwa hiyo kusudi la kwanza nikaliita “intention”, la pili nikaliita “aim”, la tatu nikaliita “objective”, tena nikaweka nukta baada ya mashine kusimama, ule mkono wa mwenzake nikaupa sentensi yake peke yake huko mbele, kwa sababu sentensi fupi zinapendeza, nikaisoma aya yangu, nikajipongeza, nikasaini, nikaituma. Lakini kwa wenye lugha yao hayo si maneno mamoja, Mshauri, na mimi nilijua, nililipwa kujua! La kwanza ni jambo ulilodhamiria moyoni kabla hujanyanyuka, la pili ni pale unapoelekeza juhudi zako, na la tatu, wakubwa wetu hulitumia kwa lengo la kazi lililopangwa na kupimwa, ndilo wanaloliandika juu ya chati ya mashati ya kila mwezi. Wakasoma habari za mwanamke aliyetoka nyumbani na dhamira yake, akalenga, akatimiza mpango wa kusimamisha kiwanda. Mama Pindo amesimamishwa kazi, na Ijumaa ya mwisho wa mwezi kikao cha nidhamu kinakaa kumfukuza.

Wiki iliyopita meneja akaniletea karatasi nithibitishe kwa mara ya pili kwamba tafsiri ni sahihi. Nikamwambia, “Bosi, hii ina kasoro.” Akasema, “Kasoro gani? Si yote ni lengo tu? Tia sahihi, usinitafutie maneno.” Nikasema, “Sitii.” Akaniambia mfasiri aliyekosea naye anaweza kupatiwa kikao chake, nikamjibu anipatie na kiti kabisa, nikapanda ngazi zangu. Kaka yangu, aliyenitafutia kazi hii, akanipigia simu: “Wee, funika kombe mwanaharamu apite. Yule mama anastaafu karibuni, wewe una watoto wa kusomesha.” Nikamwambia, “Kaka, humo ndani ya kombe kuna mtu mzima.” Sikusaini, na sitasaini, hata waje na kalamu ya dhahabu.

Ila juzi Mama Pindo alinisubiri getini wakati wa kutoka. Alishasikia kwamba nimekataa, na yeye anaamini ni meneja aliyeyapindua maneno yake. Akanishika mikono yote miwili mbele za watu akasema, “Mwanangu, Mungu akuzidishie. Kiwanda kizima ni wewe tu uliyesimama na mimi.” Nikaitikia amina. Lakini najiuliza, Mshauri, si nimeshakataa? Si inatosha? Kuna haja gani ya kujianika kwamba kosa ni langu, nipoteze kazi, na huenda hata yeye asipone?

Ni mimi, Nisiyesaini.

*

Nisiyesaini,

Mwenzako kakuombea dua kwa kosa ulilomtendea wewe, nawe ukaitikia amina! Hapo niliweka kikombe changu cha chai chini, nikakitazama kikipoa.

Nianze na haki yako. Kumwambia meneja “sitii” usoni pake, huku una watoto wa shule, si jambo dogo, na wengi wangekwisha saini wakaenda kula. Huyo meneja anayesema maneno yote ni mamoja hajawahi kuhukumiwa kwa neno moja. Kaka yako anakupenda, lakini ushauri wake usiutie mfukoni. Kwa hayo nakupa mkono.

Sasa tuelewane. Umemgomea meneja, umemjibu kaka, na mimi umenipandishia tangu mstari wa kwanza. Mtu mmoja tu ndiye uliyeshindwa kusimama mbele yake, naye ni mshonaji asiye na cheo chochote. Ushujaa gani huo unaopanda ngazi na kuogopa geti? Mama Pindo anamtafuta adui yake katika ofisi ya meneja, kumbe kikulacho ki nguoni mwako, tena yeye mwenyewe amekishika mikono.

Usijidanganye kwamba kukataa kunamwokoa. Tafsiri ya kwanza ina sahihi yako, na ndiyo itakayosomwa Ijumaa ile ya mwisho wa mwezi. Karatasi ya pili ikibaki tupu, wakubwa hawatajua kwa nini iko tupu. Watadhani umesafiri.

Unajua sana tofauti za maneno ya Kiingereza, basi hebu tuzipime za kwako kwa Kiswahili. Nia yako kwa Mama Pindo ilikuwa safi, naamini. Lakini shabaha yako siku ile ilikuwa sifa. Mwanamke alikuletea ushahidi wake, wewe ukaupamba uonekane msomi. Alirudia neno mara tatu kwa sababu alitaka lisikike mara tatu, wala hakukuomba umtajirishe. Jambo hilo likuume, dada yangu, lakini likuume ukiwa unatembea, maana siku zinakwenda.

Jumamosi hii, mchana, nenda nyumbani kwake na maelezo yake ya Kiswahili na tafsiri yako. Msomee ya kwake kwanza. Kisha mweleze ulichoandika, neno kwa neno, na wakubwa walielewa nini. Sema, “Nimekosea mimi.” Usianze na meneja, usianze na mwalimu wako, na watoto wako waache nje ya sentensi hiyo. Usilie kabla yake, utamnyang'anya zamu. Umesema ana mdomo mkali, basi keti uupokee wote. Na akikufukuza kwake, kazi iliyobaki utaifanya vilevile, kwa sababu hukwenda kununua msamaha.

Halafu kaa uandike tafsiri upya. Neno moja, mara tatu, hata kama aya itakuwa mbaya kama gunia. Kusimama kwa mashine na mkono wa mwenzake uviweke katika sentensi moja kama alivyoviweka mwenyewe. Na ile “nitazima tena” usiilainishe hata kidogo, iache na meno yake. Kweli alizima kwa kusudi, na hajatutuma tumwombee radhi. Juu ya karatasi andika mistari miwili: tafsiri ya kwanza ilikuwa na makosa, na makosa hayo ni ya mfasiri, si ya msemaji. Itume makao makuu moja kwa moja, mpe nakala mwakilishi wa wafanyakazi, mpe na meneja, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Siku ya kikao usibaki juu na kamusi zako. Omba kuingia kama shahidi, uketi upande wake, na wakikuuliza, jibu.

Unaniuliza kama huenda asipone. Huenda. Sheria ya swichi aliivunja, na wakubwa wana masikio yao. Lakini kama watamfukuza, wamfukuze kwa kumwokoa mtu, wasome hivyo, waandike hivyo, na majina yao yawe chini yake. Na wewe huenda ukapoteza kazi. Sitakudanganya kwamba utakula ujasiri. Ila wewe ukiondoka, utaondoka kwa jambo ulilolifanya kwa mkono wako na kulikiri kwa kinywa chako. Yeye anakaribia kuondolewa kwa maneno ambayo hajawahi kuyasema. Mrudishie ya kwake.